MAONI YETU: Ini la mtoto wa mlalahoi atalipima nani?

Mwaka 2022 watoto zaidi ya 1,000 katika nchi 35 waliugua homa kali ya ini isiyojulikana chanzo. Wakafa 22. Virusi vinavyojulikana vya homa ya ini, A hadi E, havikuonekana. Wenzetu wa Uingereza hawakusingizia uchawi. Walipima damu na maini, na mwaka 2023 wakamtaja mtuhumiwa namba moja: kirusi AAV2, kisichozaana mpaka kisaidiwe na virusi vingine.

Sisi je? Mwaka 2016, Dodoma na Manyara, watu walivimba matumbo, macho yakawa manjano. Wagonjwa 68, wakafa 20, watoto wakiwamo. Vipimo vikaonyesha sumukuvu kwenye mahindi. Ini lile lile, muuaji mwingine kabisa! Bila maabara utamjuaje?

Ufipa inalima mahindi na kula mahindi. Mtoto wa Mazwi akigeuka macho manjano, tunataka damu yake ipimwe hapa hapa mkoani, majibu yarudi angali hai. Vigogo wakiumwa hupanda ndege. Kijana, wakija kuomba kura usiwaulize fulana na kofia. Waulize maabara.