Risiti ni ya Mgonjwa Kwanza

Mwaka jana shangazi yangu alilazwa siku nne katika kliniki moja ya binafsi huko Bwera. Ukoo ulichanga. Ndugu wa Kampala walituma pesa kwa simu, sisi wa Kasese tukauza mbuzi wawili, na binti yake aliyekuwa akimwuguza ndiye aliyeshika fedha na kulipa. Alilipa mara tano: kabla ya vipimo, baada ya vipimo, usiku dripu ilipokwisha, na kadhalika. Siku ya kuondoka alipewa kipande cha karatasi kilichochanwa kwenye daftari la shule, kimeandikwa "Dawa na kitanda, 640,000". Hakikuwa na muhuri, tarehe wala jina la aliyepokea. Michango ilikuwa imepita 900,000. Katika kikao cha ukoo baba mkubwa aliuliza swali moja tu: "Mwanangu, nyingine ziko wapi?" Binti hakuwa na cha kuonyesha. Tangu hapo ukoo ukichanga, pesa hazipitii mikononi mwake.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Hapa daftari lilikuwapo, ila lilichanwa.

Ndiyo maana sina subira na wenye hospitali na kliniki wanaosema ankara za kielektroniki haziwahusu. Hoja yao ya kwanza ni ya kisheria, na kwa nusu yake ni kweli. Mfumo wa EFRIS wa Mamlaka ya Mapato ya Uganda ulianza kuwa lazima tarehe 1 Januari 2021 kwa waliosajiliwa kulipa VAT. Huduma za tiba, meno na uuguzi zimesamehewa VAT, kwa hiyo kliniki inayouza tiba peke yake hailazimiki kusajiliwa. Lakini Sheria ya Taratibu za Kodi haikuishia kwenye VAT. Inampa Kamishna uwezo wa kutaja, kwa tangazo katika Gazeti la Serikali, ni walipa kodi gani lazima watoe ankara au risiti za kielektroniki. Kusamehewa kodi si kusamehewa kutoa risiti. Kenya imelielewa hilo: mfumo wao wa eTIMS unawabana hata wafanyabiashara wasiotoza VAT, na tangu Januari 2024 gharama isiyo na ankara ya mfumo huo haikubaliki katika hesabu ya kodi ya mapato. Tanzania nao wana mashine za EFD tangu mwaka 2010, na wimbo wao wa ukiuza toa risiti, ukinunua dai risiti hata mtoto anaujua.

Kuna jambo linaloniudhi zaidi. Mwenye duka la sabuni ambaye mauzo yake hayafiki shilingi milioni 150 kwa mwaka hulipa kodi ndogo inayokadiriwa kwa mauzo. Daktari haruhusiwi njia hiyo. Sheria ya kodi ya mapato imewatoa watoa huduma za kitaalamu, waganga wakiwemo, na inawataka wapige hesabu ya mapato na gharama. Na gharama zenyewe, muuzaji akiwa ndani ya EFRIS, hazikubaliki bila risiti ya mfumo. Basi daktari huyo anaponunua dawa kwa muuzaji wa jumla mjini Kasese, anasimama kaunta mpaka apewe risiti yenye namba na msimbo wa kuhakikisha. Anajua thamani yake. Akirudi Bwera, mgonjwa anachaniwa daftari.

Hoja ya pili inasema risiti itapandisha bei ya matibabu. Itapandisha kwa nini, ikiwa huduma haitozwi VAT? Kinachoongezeka ni kodi ya mapato ambayo ilipaswa kulipwa tangu mwanzo. Anayesema bei itapanda anakiri bila kujua kwamba bei ya sasa imesimama juu ya mapato yasiyotajwa.

Hoja ya tatu naiheshimu. Muuguzi mmoja mwenye kliniki ya vyumba viwili aliniambia: "Umeme ukikatika na mtandao ukipotea, nimwache mama anayejifungua nishike simu?" Hapana. Wafanyabiashara wa Kampala waliofunga maduka Aprili 2024 wakiipinga EFRIS walikuwa na malalamiko mengi, na la faini kubwa kwa wasiofundishwa halikuwa la uongo. Kliniki kama hiyo ipewe muda, ifundishwe, iruhusiwe kuandika kwa mkono na kuingiza baadaye. Faini ianze na wakubwa.

Hoja ya nne haisemwi sana, nayo ndiyo inayonisumbua: siri ya mgonjwa. Risiti ikitaja kila dawa, mtumishi wa kodi anaweza kujua nani anatibiwa nini, na Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 imeziweka habari za afya kati ya zile zinazolindwa zaidi. Nadhani jibu ni kuandika mafungu na bei zake, yaani kitanda, maabara, dawa, upasuaji, bila jina la mgonjwa kwenye mfumo. Majina ya dawa yabaki katika kitabu chake cha hospitali. Binamu yangu angetosheka na mafungu hayo manne na tarehe.

Watu wa mamlaka nao wasishangilie. Wao huzungumza juu ya risiti kana kwamba imezaliwa kwa ajili yao. Muswada wa bima ya afya ya taifa ulipitishwa na Bunge mwaka 2021 ukarudi bila kutiwa saini, kwa hiyo mgonjwa wa binafsi hulipa kutoka mfukoni, na ile karatasi ndiyo ushahidi wake pekee kwa ukoo au kwa mwajiri. Na imeandikwa kwa lugha gani? Siku za soko Mpondwe, Jumanne na Ijumaa, wanavuka daraja la Lhubiriha akina mama kutoka Kasindi ambao hawajui Kiingereza hata kidogo, na baadhi yao huja pia kutibiwa. Baraza la Mawaziri liliidhinisha Kiswahili kuwa lugha rasmi Julai 2022. Kuandika "maabara" badala ya neno la Kiingereza kwenye risiti hakuhitaji bajeti.

Kamishna aanze na hospitali kubwa za binafsi za Kasese mjini mwaka huu, kliniki za Bwera zifuate baada ya mwaka mmoja. Na kabla ya tangazo lolote, mwenye kliniki anaweza kununua kitabu cha risiti chenye nakala. Kinauzwa katika kila duka la vifaa vya shule, palepale alipolinunua lile daftari.