Shamba Huanza Kupotea Mdomoni

Najua nimepotea, wengine mlishaanza kusema nimedisko. Sijadisko jamani, bado nipo nipo. Zilikuwa kazi za vikundi tu, pamoja na mambo ya nyumbani ambayo nitayagusa huko chini.

Wiki mbili zilizopita, kwenye kozi yetu ya maendeleo vijijini, kikundi chetu kilipangiwa mada ya wakulima weusi wa Marekani na haki ya chakula. Mshikaji mmoja akaropoka palepale darasani: "Kwani Marekani kuna wakulima weusi? Si wote wanaimba na kucheza kikapu?" Darasa zima likacheka, na mimi nikiwemo. Sasa hivi sicheki tena, ndiyo maana naandika.

Hoja yangu leo ni moja, naisema mapema ili mwenye haraka aondoke nayo. Watu wakiacha kusimulia habari za shamba lao, muda si mrefu shamba lenyewe linafuata. Hilo nimejifunza kwa wakulima hao.

Tuanze na hesabu. Januari 1865, vita vya wenyewe kwa wenyewe vikielekea ukingoni, Jenerali Sherman aliamuru familia zilizotoka utumwani zipewe hadi ekari 40 kila moja, kwenye ukanda wa pwani wa South Carolina, Georgia na Florida. Mwaka haujaisha, Rais Andrew Johnson akaigeuza amri ile na ardhi ikaanza kurudi kwa mabwana wale wale. Wengi wakabaki kulima mashamba ya watu kwa kugawana mavuno, na mwenye shamba ndiye anayeshika daftari la madeni. Unajua mwenyewe hapo nani anashinda.

Pamoja na yote hayo, watu walidunduliza wakanunua ardhi. Sensa ya 1920 ilihesabu wakulima weusi wapatao 925,000, yaani mkulima mmoja kati ya saba nchi nzima, na karibu robo yao walikuwa na ardhi yao wenyewe. Sensa ya kilimo ya 2022 ilikuta hawafiki 50,000, kati ya wakulima milioni 3.4. Namna ya kuhesabu ilibadilika hapo katikati, sawa, lakini hata ukiweka hilo pembeni, pengo ni kubwa mno.

Walienda wapi? Kuna waliohamia viwandani kaskazini, kuna waliofukuzwa na wadudu wa pamba, kuna waliopokonywa kazi na mashine. Lakini wadudu na mashine viliwakuta wazungu pia. Kuna mambo mengine yaliyowakuta weusi peke yao, na hayo usingeyaona kwenye takwimu kama wenyewe wasingeyasema.

Mchukueni Shirley Sherrod wa Georgia. Mwaka 1965, akiwa na miaka 17, baba yake mkulima alipigwa risasi na jirani mzungu katika ugomvi wa ng'ombe. Baraza la wazee wa mahakama, wote wazungu, likakataa hata kumfungulia muuaji mashtaka. Binti alikuwa na mpango wa kuhama Kusini akasahau kilimo moja kwa moja. Akaamua kubaki.

Mwaka 1969, yeye, mumewe Charles na wenzao wakaanzisha New Communities, shamba la pamoja la karibu ekari 6,000, ambalo wakati ule lilikuwa miongoni mwa mashamba makubwa kabisa ya watu weusi Marekani. Ardhi ilikuwa ya wote, asiwepo wa kuamka asubuhi na kuuza kipande chake. Ukafika ukame. Wakaenda ofisi ya mikopo ya Wizara ya Kilimo kuomba mkopo wa dharura, ule ule ambao wakulima wazungu walikuwa wanapewa. Wakazungushwa. Mwaka 1985 shamba likapigwa mnada.

Kimya. Ingeishia hapo, leo tungesema "walishindwa kuendesha shamba". Si ndivyo tunavyosema kila siku kuhusu ushirika wowote uliokufa?

Lakini hawakunyamaza. Mwaka 1997 mkulima mmoja wa North Carolina, Timothy Pigford, aliishtaki Wizara ya Kilimo pamoja na wenzake, kesi ikamalizwa kwa makubaliano mwaka 1999. Hapa nisikilizeni vizuri, maana ndipo niliposhtuka. Wakulima wengi hawakuwa na karatasi za kuthibitisha kwamba walibaguliwa. Makaratasi yalikuwa kwa wale wale waliowabagua, na malalamiko waliyoyapeleka wizarani miaka ya 1980 yalikaa bila kuchunguzwa, maana kitengo cha kuyachunguza kilivunjwa mwaka 1983. Kwa hiyo makubaliano yakaweka njia ambayo mkulima alitakiwa kueleza mwenyewe: niliomba lini, ofisi gani, nilijibiwa nini, na mzungu gani wa hapo jirani mwenye hali kama yangu alipewa. Ukieleza ukaaminika, unalipwa dola 50,000 na deni lako wizarani linafutwa. Zaidi ya watu 15,000 walishinda kwa njia hiyo, na malipo yote yakavuka dola bilioni moja.

Mnaona? Kumbukumbu ya mzee aliyekaa barazani ndiyo iliyokuwa ushahidi. Aliyekuwa amewasimulia watoto wake alikuwa na mashahidi. Aliyekaa na uchungu wake peke yake mpaka akafa, alizikwa nao.

Upande wa pili wa shilingi ni mchungu zaidi. Zaidi ya watu 60,000 walipeleka maombi baada ya muda kwisha. Wengi walisema hawakupata habari mapema. Mtu amenyang'anywa haki, haki imerudi, na hana habari! Ilibidi wasubiri mpaka 2010, Bunge lilipopitisha fedha za awamu ya pili, dola bilioni 1.25. Wangapi walikuwa wameshakufa hapo katikati?

New Communities nao walilipwa, mwaka 2009, dola zipatazo milioni 12. Baada ya miaka 24. Mwaka 2011 wakanunua shamba lingine la zaidi ya ekari 1,600 karibu na Albany, Georgia, ambalo zamani lilikuwa la bwana mmoja tajiri wa watumwa. Niliposoma hapo nilifunga kitabu nikatoka nje kidogo.

Halafu kuna kisa cha 2010, ambacho kila anayependa kusambaza vipande vya video angekisikia. Sherrod alikuwa mkurugenzi wa maendeleo vijijini wa wizara ile ile katika jimbo la Georgia. Julai mwaka huo kikasambazwa kipande cha hotuba yake, akionekana kama anajisifu kwamba hakumsaidia mkulima mzungu ipasavyo. Siku hiyo hiyo akalazimishwa kujiuzulu. Ilipokuja kusikilizwa hotuba nzima, kumbe alikuwa anasimulia jinsi mkulima yule alivyomfundisha kwamba umaskini hauchagui rangi, na jinsi alivyompigania mpaka shamba lake likaokoka! Wakubwa wakamwomba radhi, wakampa nafasi nyingine, akaikataa. Ndiyo maana nasema hadithi asimulie mwenyewe na aimalize mwenyewe. Ukimwachia mtu mwingine, atakata anapotaka yeye.

Na usidhani mambo yameisha. Mwaka 2021 Bunge lao lilitenga kama dola bilioni 4 za kufuta madeni ya wakulima wa jamii zilizobaguliwa. Wakulima wazungu wakaenda mahakamani, mpango ukasimamishwa, na mwaka 2022 ukafutwa. Ukaja mfuko mwingine kwa yeyote aliyebaguliwa, na Julai 2024 watu zaidi ya 43,000 wakatangaziwa malipo ya karibu dola bilioni 2. Wengi walitakiwa kujaza tena fomu ndefu kueleza yaliyowapata. Hadithi tena.

Sasa niwalete nyumbani. Kwenye usomaji wetu nilikutana na kitu wanachokiita mali ya warithi. Babu anakufa bila wosia, shamba linakuwa la watoto na wajukuu wote kwa pamoja, halina jina la mtu. Mjukuu mmoja aliyeko mjini, ambaye hata shamba halijui, anauza fungu lake kwa tajiri. Tajiri anakwenda mahakamani kuomba mali igawanywe, mahakama inaona haigawanyiki, inaamuru lote liuzwe. Familia inapata vijisenti, tajiri anapata shamba. Maelfu ya ekari za watu weusi ziliondoka hivyo, kisheria kabisa. Profesa wa sheria mmoja, Thomas Mitchell, ndiye aliyeongoza kuandika sheria ya mfano ya 2010 ya kuwalinda warithi, na majimbo mengi yameshaipitisha.

Nasoma hayo, na kwenye simu yangu kuna ujumbe wa baba mdogo kwenye kundi la familia. Bibi yetu alifariki mwaka jana, ameacha ekari nne kule Muheza, michungwa na minazi. Watoto sita, hati hakuna. Baba mdogo anasema amepatikana mteja wa ekari mbili za mbele, zile zilizopakana na barabara. Na kwa kuwa anajua boom langu halitoshi, akaongeza: "Humo humo na ada ya huyu mtoto itatoka." Huyu mtoto ni mimi. Na mimi, wadau, nilishaweka alama ya dole gumba. Nilikubali kuuza shamba kwa kidole, nimelala kitandani hosteli.

Baada ya prezentesheni nikampigia shangazi nikamuuliza kitu ambacho sikuwahi kuuliza maisha yangu yote: shamba lile tulilipataje? Akacheka kwanza, akasema, "Wewe leo ndio unauliza?" Kisha akanieleza kwamba babu alikuja Tanga kama manamba, akakata mkonge miaka mingi, na minazi ile ya kwanza aliinunua miche kwa posho yake. Kumbe baba mdogo mwenyewe hakuyajua yote, alikuwa mdogo. Sasa mtu utaoneaje uchungu kitu ambacho hujui kilipatikanaje?

Nikaandika kwenye kundi kwamba nabadilisha kauli. Nikaomba tusiuze mpaka kikao cha Desemba, na kabla ya hapo twende serikali ya kijiji tuulize habari za hakimiliki ya kimila, maana Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 inaruhusu. Shangazi wawili wameniunga mkono. Baba mdogo tangu siku hiyo hajapokea simu yangu. Na ada bado nadaiwa, tena kuna hatari ya kuzuiwa mtihani. Kwa hiyo msidhani naandika haya nimeshiba, nimeegemea.

Najua kuna watakaosema hadithi hazishibishi. Hata kwenye diskasheni yetu kuna aliyesema, "Acha simulizi, lete mtaji." Nakubali nusu. Kusimulia peke yake ni maneno matupu. Lakini wale niliowasoma hawakuishia kusimulia. Fannie Lou Hamer wa Mississippi, aliyefukuzwa shambani alikokuwa anafanya kazi mwaka 1962 kwa kwenda kujiandikisha kupiga kura, aliona jinsi njaa ilivyotumiwa kuwanyamazisha watu. Majira ya baridi ya mwaka huo, kaunti ya jirani ilisimamisha chakula cha msaada kwa watu weusi walipoanza kudai kura. Mwaka 1969 akaanzisha Freedom Farm, ushirika wa kulima chakula, pamoja na benki ya nguruwe. Familia inapewa nguruwe jike, akizaa, watoto kadhaa wanapelekwa kwa familia nyingine. Ni ile ile yetu ya kopa ng'ombe lipa ng'ombe. Ushirika ule ulikufa katikati ya miaka ya 1970 kwa madeni na hali ya hewa, naye akafariki 1977. Lakini habari zake zilisimuliwa.

Detroit, mtandao wa watu weusi wa usalama wa chakula ulioanza 2006, Malik Yakini akiwa mmoja wa waanzilishi, unalima shamba la ekari saba ndani ya bustani ya jiji, na mwaka 2024 wakafungua duka lao la ushirika. Karen Washington wa New York naye anakataa mitaa ya maskini kuitwa jangwa la chakula. Anasema iitwe ubaguzi wa chakula. Na kuna wakulima huko wanaouza mbegu za asili kwa jina la Ujamaa. Neno letu hilo, liko kwenye pakiti za mbegu Marekani, na sisi hapa kampasi tunalitumia kwenye mitihani tu.

Wazo langu basi. Likizo hii, kila mmoja wetu amkalishe mzee mmoja nyumbani, amuulize shamba lilipatikanaje, mipaka iko wapi, nani alipanda nini. Andika kwenye daftari, weka tarehe, mwenyewe asikie ukimsomea. Halafu ulizeni habari za hati. Na tuache ile tabia ya kuulizwa "kwenu wanafanya nini" ukajibu "biashara" wakati wanalima. Mimi nimefanya hivyo mwaka mzima wa kwanza, nimekoma.

Mnaonaje wadau? Na kama kuna mwenye ndugu anayezijua hizi taratibu za hati za vijijini, anitafute, namhitaji kwelikweli kabla ya Desemba.

Naomba kuwasilisha. Ngoja niwahi foleni ya kantini kabla maharage hayajageuka mchuzi.