Ukabaila Haujaisha, Umenunua Mashine

Wasee wa Kapsoit, Litein na Bomet, pamoja na nyinyi wa Nairobi mnaokunywa chai bila kujiuliza imetoka wapi, hii ni yenu.

Kuna watu wakiona mashine ya kuchuna majani wanasema, "Hayo ndiyo maendeleo. Hata Ulaya ukabaila uliisha hivyo hivyo, ya kale yakapisha mapya." Zii. Ulaya haikuenda hivyo, na hapa kwetu ndio kabisa.

Kwanza, ukabaila ni nini? Bwana ana ardhi, wewe una mikono tu. Anakupa pa kulala na kashamba kadogo, unamlipa kwa siku za kazi. Kuhama bila ruhusa yake, hapana. Sasa niambie hiyo ni Uingereza ya mwaka 1300 ama ni Kenya. Juu mwaka 1918 serikali ya kikoloni ilipitisha sheria kwamba skwota akitaka kukaa kwa shamba la mzungu, lazima amfanyie kazi siku zisizopungua 180 kwa mwaka. Mwaka 1937 wakaruhusu zifike 270. Halafu kipande shingoni, ndio ukitoroka ushikwe.

Na ardhi yenyewe ilikuwa ya nani? Wakipsigis walifurushwa Kericho ndio chai ipandwe. Talai walianza kuhamishwa mwaka 1934, wakatupwa Gwassi, kwa mbung'o na malaria. Tuendelee.

Ulaya, ukabaila ulivunjwa na uhaba wa watu. Tauni ilifika Uingereza mwaka 1348 ikaua karibu nusu ya watu. Mikono ikaadimika. Mkulima aliyebaki akaanza kusema: niongeze pesa ama naenda kwa jirani. Makabaila wakakasirika, na mwaka 1351 bunge lao likatunga sheria ya kurudisha mishahara vile ilikuwa kabla ya tauni. Mwaka 1381 watu wakachoka, wakavamia London. Viongozi wao waliuawa, lakini bwana hakuweza tena kuwabana kama zamani. Kwa nini? Aliwahitaji, na walikuwa wachache.

Hiyo ndiyo nguvu pekee mchunaji wa Kericho amekuwa nayo miaka mia moja: bila yeye, majani yanazeeka kwa mti. Mashine ndiyo inaichukua hiyo nguvu.

Na kuna sehemu ya pili ya stori, ile hatuambiwi. Baadaye mabwana wa Uingereza waligundua sufu ina pesa, na kundi zima la kondoo linachungwa na mtu mmoja. Wakazungushia mashamba ua, watu wakafukuzwa, vijiji vikabaki magofu. Mkulima akawa huru kabisa: hana bwana, hana shamba, hana nyumba.

Mashine ya majani ndiyo kondoo wetu. Hatuko mwisho wa ukabaila, tuko kwa ule ua.

"Kwa hivyo tuchome mashine?" Mei 2023 zilichomwa, na mtu akapoteza maisha. Hati ya ardhi haikuungua. Mimi sina vita na mashine. Hakuna mama anastahili kubeba kikapu cha majani mgongoni, kwa mvua, mpaka azeeke. Swali langu ni moja: muda na pesa ambayo mashine inaokoa inaenda kwa nani?

Angalia jirani mwenye ekari moja ya chai anayepeleka majani KTDA. Kila mwaka analia juu ya bonasi, na ana haki ya kulia. Lakini siku atapata mashine, kila saa itakayookolewa ni yake. Atalima mboga, atafuga, atalala. Mchunaji wa shamba kubwa? Mashine ikifika, anapoteza kazi na nyumba ya laini siku moja. Mashine ni ile ile. Tofauti ni nani ana shamba.

Wakati tunabishana, mabwana wanabadilishana tu. Mwaka 2022 Unilever iliuzia CVC biashara yake ya chai. Mwaka 2023 Finlays ikatangaza mashamba yake yanaenda kwa Browns ya Sri Lanka. Mwaka 2024 tukaambiwa ya Lipton pia yanaenda kwa Browns. Ahadi ya kahisa kadogo kwa jamii ikatajwa, watu wakapiga makofi.

Katiba ya 2010 ilikata zile lizi za miaka 999 za wageni zikawa 99. Piga hesabu: ni mwaka 2109. Wewe unayesoma hii utakuwa udongo.

Kwa hivyo mwanasiasa akija stage ya Kapsoit kupiga kelele juu ya mashine, muulize juu ya ardhi. Shamba likiuzwa, jamii ilipata ekari ngapi? Hisa ziko kwa jina la nani? Akianza kuzunguka, muache aende. Huyo amekuja kuchunga kondoo.