Tujifunze Kusali

Mhariri ameniruhusu kuandika maneno machache juu ya sala, nami namshukuru. Najua kuwa shule yetu ni ya Serikali na wasomaji wa gazeti hili ni wa dini mbalimbali. Nasema hasa na Wakristo wenzangu, lakini natumaini wengine hawatachoka kusoma, maana twalala katika mabweni mamoja, na kelele za mmoja humfikia mwenzake.

Muhula huu sala zimezidi, hasa kwetu sisi wa Kidato cha Nne, kwa sababu mtihani wa Taifa wa mwezi wa Novemba umekaribia. Hilo ni jambo jema. Lakini kuna mawili ambayo naona hayafai. La kwanza, wako wanaodhani kuwa sala yenye nguvu ni ile ndefu yenye sauti kubwa, hata huamka saa tisa usiku wakaomba kwa makelele bwenini. La pili ni baya zaidi. Mwenzetu mmoja alifiwa na mama yake, baada ya sisi sote kumwombea mgonjwa kwa majuma mengi. Aliporudi kutoka mazishini, mtu mmoja akamwambia kuwa mama angalipona kama yeye angalikuwa na imani ya kutosha. Tangu siku ile mwenzetu haji tena katika ibada. Maneno hayo ndiyo yaliyonifanya nishike kalamu.

Kusali ni jambo la kufunzwa. Katika Injili ya Luka, sura ya 11, mmoja wa wanafunzi wa Yesu, watu waliozoea sala tangu utoto wao, alimtaka awafundishe kuomba. Sala aliyowapa ni fupi. Hata mtu akiisema polepole, haimchukui dakika moja. Tena tutazame mpango wake. Yaanza na jina la Mungu, ufalme wake na mapenzi yake; mkate waja baadaye. Wala humo hamna "yangu" hata mara moja, ni "yetu" tu. Basi mtu aombaye afaulu yeye peke yake hajaifuata sala hiyo. Na katika Mathayo sura ya 6, kati ya maombi yote yaliyomo, Yesu alirudia kulieleza moja tu, nalo ni la kusameheana. Katika sura ya 5 alikuwa amekwisha kufundisha kuwa mtu aliyekosana na ndugu yake aiache sadaka yake madhabahuni, aende kupatana naye kwanza. Kwa hiyo mimi naona kuwa dakika kumi za kupatana na jirani wa kitanda zafaa kuliko mkesha mzima wa makelele.

Huenda mtu akaniuliza: kama sala yafaa, mbona mama yule hakupona? Namjibu kwa habari za Gethsemane. Yesu aliomba mara tatu kikombe kile kimwepuke, na bado alikinywa. Nani atathubutu kusema kuwa imani yake ilikuwa haba? Mtume Paulo naye aliomba mara tatu aondolewe mwiba wake; hakuondolewa, bali alipewa neema ya kuvumilia. Sala si amri tunayompa Mungu. Ni mtoto kusema na baba yake, na baba akimnyima mtoto kitu, hajamfukuza nyumbani. Tena usiku ule Yesu aliwataka rafiki zake wakeshe pamoja naye, nao wakalala. Mwenzetu aliyefiwa hakuhitaji mtu wa kuipima imani yake. Alihitaji mtu wa kukaa naye.

Jambo jingine ni kwamba sala haiondoi kazi. Nehemia na watu wake walipokuwa wakiujenga ukuta wa Yerusalemu, adui walipowatisha, walimwomba Mungu, kisha wakaweka walinzi usiku na mchana. Hawakuona kuwa kuweka walinzi ni upungufu wa imani. Nasi twasema, mtaka cha mvunguni sharti ainame. Anayekesha akiomba afaulu hesabu, kisha akasinzia mwalimu wa hesabu anapofundisha, anaubomoa kwa mkono mmoja ukuta anaoujenga kwa mwingine. Na jirani aliyemnyima usingizi naye atasinzia, ingawa hakuomba lolote.

Shauri langu ni hili. Kila mmoja wetu ajitengee robo saa kila siku, mahali pa utulivu, kwa sauti inayomtosha yeye na Mungu wake. Kwanza ashukuru kwa jambo moja alilolipata siku hiyo, alitaje. Kisha awaombee watu wawili kwa majina yao, na mmoja wao awe yule asiyepatana naye. Baadaye anyamaze kidogo, maana anayesema yeye tu hawezi kusikia. Na akiinuka, atende jambo moja kwa ajili ya yule aliyemwombea. Umemwombea mwenzako asiyeelewa fizikia? Chukua daftari, ukae naye saa ya kujisomea jioni.

Wazazi wetu nao, wanapotuombea huko nyumbani, nawasihi wasituombee maksi tu. Watuombee tuwe watu wa kweli.

Haya ni maoni yangu. Mwenye mengine na aandike katika toleo lijalo, nami nitayasoma kwa furaha.

Mwanafunzi wa Kidato cha Nne