Kabla ya Kununua Nyumba Ukingoni mwa Kivu
Anayetafuta nyumba ya mapumziko Gisenyi, Rwanda, huanza na mandhari: maji ya Ziwa Kivu, mitende ya ufukweni, hewa safi ya karibu mita 1,460 juu ya usawa wa bahari. Namsihi aanze na ardhi. Mei 2021, volkano ya Nyiragongo ilipolipuka, matetemeko yaliyofuata yalipasua kuta na barabara za Rubavu, wilaya yenye mji wa Gisenyi, na nyumba za kupendeza zikawa hazikaliki. Usiku wa kuamkia 3 Mei 2023, mto Sebeya ulifurika na kubomoa makazi ya Nyundo na Rugerero wilayani humo. Mafuriko na maporomoko ya usiku ule yaliua watu zaidi ya 130 magharibi na kaskazini mwa Rwanda. Januari 2025, vita vya Goma, mji jirani wa Kongo, vilirusha makombora hadi upande huu wa mpaka, raia wakafa. Kwa hiyo usimsikilize dalali peke yake. Waulize wenyeji maji yalifika wapi na ufa ulipita wapi. Mlete mhandisi akague msingi, hakikisha nyumba iko nje ya mita 50 za hifadhi ya ziwa, na uhakiki hati kwenye ofisi ya ardhi kabla ya kutoa hata faranga moja. Kisha kumbuka kwamba waliobomolewa nyumba na Sebeya nao wanahitaji viwanja vilivyo salama. Wilaya iwatengee hao kwanza. Nyumba ya pili ya mtu haina haki ya kutangulia nyumba pekee ya mwenzake.