Simu Mpya Katika Motokaa ya Zamani



Mwezi huu tulikuwa tumekusudia kuyaendeleza maneno yetu ya mwezi jana juu ya matumizi ya nyumba, lakini tumefikiwa na barua ya kijana mmoja wa Mombasa, nasi tumeona haifai kuiwekea zamu. Kijana huyu asema kwamba kaka yake, afanyaye kazi Maskati, alimletea baba yao simu mpya nzuri kabisa. Baba huyo kila Jumatatu na Alkhamisi humpeleka mama yake mzazi hospitali kusafishwa damu, na njiani hupigiwa simu na jamaa watakao khabari za mgonjwa. Zamani alikuwa akibonyeza kitufe kilicho katika usukani, akajibu huku mikono yake miwili i mahali pake. Sasa hugusa kioo cha redio ili kujibu, na yeye huwasikia wenziwe vizuri, bali wao hawamsikii. Wasikia mvumo tu, kama upepo uliomo chupani. Basi mzee huyu amekuwa akiishika simu kwa mkono mmoja na gari kwa mkono wa pili, na juma lililopita, penye mzunguko wa barabara, alikosa kidogo tu kumgonga mtu wa mkokoteni. Bibi alikuwa amelala kiti cha nyuma. Kijana auliza: "Je, tumrudishie baba simu yake ya zamani, na hii tuiuze? Na kaka tutamwambia nini?"

Kabla ya kuandika neno jingine lolote tulimpigia kijana huyu tukamwambia: mwambie baba, kwa adabu, kwamba tangu leo simu ikilia aiache ilie, au asimame pembeni. Sheria ya Kenya yamkataza dereva kushika simu gari likiwa linakwenda, na hata pasingekuwa na sheria, mtu aliyembeba mama yake hana haja ya kukumbushwa. Tena tusidanganyane: hata mazungumzo yasiyoshikiwa simu huchukua sehemu ya akili ya dereva. Kusema bila kushika ni hatari iliyopungua, si hatari iliyoondoka.

Ama hiyo Bluetooth yenyewe, vijana waitumia kila siku na wachache waijua ni nini. Jina lake limetoka kwa Harald, mfalme wa Denmark wa karne ya 10, aliyepewa lakabu ya Jino la Buluu, na alama yake ile kama mfupa wa samaki ni herufi mbili za kale za watu wa kaskazini zilizounganishwa. Kazi yake ilianza mwaka 1994 katika kampuni ya Ericsson huko Sweden, na mwaka 1998 kampuni tano zikafanya shirika la kuitunza. Chombo hiki ni redio ndogo, ifikayo mwendo wa mita kumi hivi, na mawimbi yake huruka kutoka njia moja kwenda nyingine mara 1,600 katika kila sekunde. Njia hizo ni 79. Simu na gari hazina budi kuruka pamoja kwa mpango mmoja, na tena kuwa na ufunguo wa siri waliopeana siku ya kwanza walipokutana. Simu zilizoandikwa Kiswahili hukuita kukutana huko "kuoanisha", na neno hili limechaguliwa vizuri, maana ni akdi ya pande mbili. Upande mmoja ukisahau, wa pili hata ukikumbuka vipi, hapana nyumba hapo.

Lililo kubwa kulijua, na ambalo mafundi wengi hawawaelezi watu, ni hili: kati ya simu na gari hapana njia moja bali kadhaa. Iko njia ya kupitisha muziki, qasida au mawaidha, nayo ni pana na yaenda upande mmoja, kutoka simu kwenda garini. Iko njia ya mazungumzo, nayo ni nyembamba kuliko ile ya kwanza, lakini yaenda na kurudi. Na iko njia ya tatu ya kunakili majina na nambari zilizomo katika simu. Kila njia hufunguliwa kwa mlango wake. Ndiyo sababu mtu aweza kusikiliza Kur-ani katika gari lake kwa sauti safi kabisa, kisha simu ikilia asisikie kitu, akasema, "Lakini Bluetooth yafanya kazi!" Yafanya kazi njia moja, ile ya pili imefungwa. Na asishangae kuona sauti ya mtu katika simu ni duni kuliko sauti ya qasida: njia ya mazungumzo katika vyombo vya zamani huipima sauti mara 8,000 katika sekunde, na vilivyofuata kanuni ya mwaka 2011 huweza kuipima mara 16,000. Simu mpya ikikutana na redio ya zamani, huteremka ikaongea kwa lugha ya mzee.

Turudi kwa baba yetu. Wote nyumbani walishika kwamba kosa ni la simu, kwa kuwa simu ni ngeni. Nasi tungalishika hivyo hivyo, lau si lile neno moja la barua: zamani kitufe cha usukani, sasa kioo cha redio. Simu mpya haiwezi kukihamisha kitufe. Tukamwuliza kijana, akasema, "Ndiyo, redio nayo ilibadilishwa, siku chache kabla ya kaka kuja." Gari lao limetoka Japani, kama yalivyo mengi ya huku kwetu, na redio za huko huishia 90 au 95, hali stesheni zetu zaendelea mpaka 108, basi mzee alikuwa amechoka kusikia nusu ya stesheni za mji, akamwita fundi amtilie redio nyingine.

Tukamwambia afanye majaribio matatu, tena kwa utaratibu, gari likiwa limesimama uwanjani. La kwanza, azime Bluetooth katika simu mpya kisha apige simu kwa namna ya kawaida. Akafanya, akasikika vizuri. Basi maikrofoni ya simu ni nzima. La pili, achukue ile simu ya zamani iliyokuwa ikisifiwa, aioanishe na redio, apige. Akafanya, naye hakusikika! Hapo ukweli ulikuwa umekwisha onekana, lakini tulimtaka afanye la tatu, kwa simu ya jirani, ili asibaki mtu wa kubisha nyumbani. Mambo yakawa yale yale. Simu tatu, kosa moja: basi kosa li katika gari.

Redio nyingi za kununuliwa peke yake zina tundu dogo la maikrofoni katika uso wake, nalo liko mbali na kinywa cha dereva na karibu na upepo wa kiyoyozi. Kwa hivyo nyingi huja na maikrofoni ya pili, ndogo kama punje ya kunde, yenye waya mrefu, ili ichomekwe nyuma ya redio na kubandikwa karibu na dereva. Redio ikiwa yangoja sauti kutoka kwa maikrofoni ile, na haikuchomekwa, haitasikia kitu ila mvumo. Tukamwambia kijana atazame katika kisanduku cha dashibodi. Akatazama, akaikuta humo, katika mfuko wake wa plastiki, haujafunguliwa. Fundi hatumtaji, na hatusemi kwamba alikusudia. Labda adhana ilimkuta kazini akaharakisha. Lakini nyinyi vijana mnaojifunza kazi hii, kumbukeni kwamba mfuko ule mdogo ulikuwa umebakiwa na kidogo kumgharimu mtu wa mkokoteni maisha yake.

Si kila nyumba itakuta maikrofoni katika kisanduku. Lau ile simu ya zamani ingalisikika vizuri na mpya isisikike, tungalijua kwamba gari ni zima na kosa liko katika akdi yao. Dawa yake ni kutenganisha kisha kuoanisha upya, na hapa ndipo watu wakoseapo: hulifuta gari katika simu na kuliacha jina la simu katika gari. Futeni pande zote mbili. Zimeni simu na gari, ngojeni dakika moja, kisha anzeni kama kwamba havijaonana kamwe. Vikionyesha nambari za tarakimu sita, hakikisheni zinafanana. Redio za zamani zaidi hutaka nambari ya siri, ambayo mara nyingi ni 0000 au 1234. Simu ikiuliza kama yaruhusu gari kusoma majina, na kama yaruhusu mazungumzo, hapo ndipo ile milango hufunguliwa, na mwenye haraka hubonyeza "Kataa" bila ya kusoma. Aliyekwisha kukataa aingie katika mipangilio ya Bluetooth, aguse jina la gari, ataona kitufe cha simu na kitufe cha sauti za muziki, kila kimoja peke yake.

Ikiwa gari halitaki kabisa kuiona simu mpya, tazameni kama halijashiba. Redio nyingi hukumbuka hesabu maalum ya simu, nyingine tano tu, na gari la kuukuu laweza kuwa bado limebeba simu za watu wa Japani tusiowajua. Wanaotatizwa na maandishi ya Kijapani wajue kwamba simu nyingi za leo huweza kuyafasiri maandishi kwa kamera. Neno la "simu" huko ni denwa, na la "kufuta" ni sakujo. Kama sauti yabaki katika simu yenyewe, tazameni kioo wakati wa mazungumzo, kuna alama ya spika ya kuchagulia sauti itoke wapi. Na simu za WhatsApp khasa hupenda kubaki simuni katika redio za zamani. Tena tazameni kama hakuna saa ya mkononi au vidude vya masikioni vilivyoinyakua simu kabla ya gari. Na ongezeni sauti wakati mtu anasema, kwani sauti ya mazungumzo hupimwa mbali na sauti ya muziki. Dawa ya mwisho, ya kufuta mipangilio yote ya mtandao katika simu, msiikimbilie, maana pamoja na Bluetooth itafuta na nywila zote za Wi-Fi za nyumbani na kazini, kisha mtatulaumu sisi.

Liko jambo moja hatukuulizwa, nasi twalisema kwa sababu lilitupata sisi wenyewe. Siku moja tulikuwa ndani ya nyumba, na vijana wawili walikuwa uwanjani wakituoshea gari, nao walikuwa wameliwasha wapate redio. Rafiki yetu akatupigia simu. Tukaipokea, hatukusikia kitu, tukasema "Haloo, haloo," naye, kwa kuwa alitusikia kwa mbali, akaendelea na maneno yake: deni analodaiwa, na ni nani amdaiye, na kwamba mkewe hajui. Maneno yote hayo yalikuwa yakitoka garini, mlango u wazi, mbele ya vijana wale na jirani aliyekuwa akipita. Tulipotambua tulitoka mbio kwenda kuzima gari, lakini sauti haikimbizwi. Tulimwendea rafiki yetu jioni ile ile, tukamweleza na kumwomba radhi, naye alitusamehe. Hata hivyo tangu siku hiyo akitupigia huanza kwa kuuliza, "Uko wapi?" nasi twaona haya kila aulizapo.

Kwa hivyo siku hizi tukipokea simu garini, neno letu la kwanza baada ya salamu ni kumwambia mpigaji, "Tumo garini na fulani na fulani." Maneno ya mtu ni amana, na mpigaji hana njia ya kujua kwamba anasema mbele ya baraza. Na mtu atakapouza gari au kurudisha gari la kukodi, afute simu yake katika redio, kwani redio huweza kubaki na majina na nambari za jamaa zake wote, wakiwamo wanawake wa nyumbani kwake.

Baba wa kijana wetu sasa maikrofoni yake imebandikwa juu, karibu na kioo cha kutazamia nyuma, mbali na upepo wa kiyoyozi. Simu ya kwanza alimpigia mwanawe Maskati, gari limesimama mbele ya hospitali, na bibi akasema naye kutoka kiti cha nyuma. Limebaki tatizo moja tu: majina aliyoyaandika mzee kwa herufi za Kiarabu yaonekana katika redio kama visanduku vitupu, asijue ni nani ampigiaye. Redio hiyo haina herufi hizo. Tumemwambia kijana akae na baba yake, ayaandike majina yale upya kwa herufi za kirumi, na aanze na la daktari.