Musoma Kwanza, Sayari za Mbali Baadaye

Tangu David Grusch, ofisa wa zamani wa ujasusi katika Jeshi la Anga la Marekani, alipoliambia Bunge la nchi yake Julai 26, 2023 kwamba serikali inaficha mabaki ya vyombo visivyo vya binadamu, mjadala wa vitu visivyotambulika angani umebaki na kambi mbili: wanaoamini na wanaocheka. Umefika hivyohivyo Sinza, Tandika na Mbagala, hapa Dar es Salaam. Toleo hili la jarida limeandaliwa kwa sababu kambi zote mbili zinakera. Anayeamini amekwisha jibu kabla hajauliza. Anayecheka anamziba mdomo shahidi.

Mwanajeshi anayelinda anga lililozuiwa ana swali jingine, na muda wake ni mfupi: hiki kinachokuja ni cha nani?

Tanzania ililipia swali hilo mapema. Vita ya Kagera ilipoanza mwaka 1978, ndege tatu za kivita za Jeshi la Wananchi wa Tanzania (JWTZ) zilitunguliwa Musoma, na waliozitungua walikuwa Watanzania wenzao waliodhani ni za Idi Amin. Si uzembe wa kupuuzwa kwa sentensi moja. Uganda ilikuwa na MiG za Kisovieti, na Tanzania ilikuwa na ndege za Kichina zilizonakiliwa kutoka MiG hizohizo. Kwa aliye ardhini, umbo ni lilelile na mngurumo ni uleule. Oktoba ile Bukoba ilikuwa imekwisha kushambuliwa kutoka angani, na kila askari aliyekaa kwenye mtambo alijua kwamba akichelewa, mabomu yatawahi. Aliyeamua alikuwa na sekunde chache na macho yake. Hapo hapahitajiki kiumbe wa sayari nyingine ili kitu kisichotambulika kilete maafa. Inatosha taarifa kutofika kwa wakati kwa mtu anayeihitaji.

Kwa sababu hiyo jarida hili linakiweka kisa cha Musoma mbele ya kile cha Kilimanjaro, ingawa cha pili ndicho wasomaji wengi watakifungua kwanza. Februari 19, 1951, rubani Jack Bicknell wa East African Airways, akitoka Nairobi kwenda Mombasa, aliona, yeye na abiria wake, kitu king'aacho kimesimama juu ya mlima. Mwandishi wa makala ya kisa hicho, iliyomo humu, amekisimulia vizuri, lakini amevutwa mno na umbo la kile kitu. Kilicho adimu pale ni rubani aliyekubali kusema hadharani, kwa jina lake, alichokiona.

Wengi hawakubali. Ripoti ya idara ya ujasusi ya Marekani ya Juni 2021 ilichambua taarifa 144, nyingi za marubani wa kijeshi, na ikaweza kutambua moja tu kwa uhakika: puto kubwa lililokuwa likiishiwa hewa. Waliotangaza 143 zilizobaki kama ushahidi wa wageni waliruka sehemu muhimu kuliko zote, ile inayosema kwamba woga wa kudharauliwa umewafanya marubani wanyamaze. Ripoti hiyohiyo ilitaja matukio 11 ambayo ndege ilinusurika kugongana na kitu kisichotambulika. Kicheko, basi, ni suala la usalama wa anga.

Dar es Salaam ya leo ina sababu zake za kujali. Kambi ya jeshi ya Lugalo imezungukwa na makazi, na Kunduchi vilevile. Kanuni za mwaka 2018 zinamtaka mwenye droni awe na vibali kabla ya kuirusha, lakini kibali hakionekani angani. Rada inayotegemea ndege ijibu haitajibiwa na droni isiyo na kifaa cha kujibu. Rada inayotegemea mwangwi huipoteza droni ndogo iliyo chini, katikati ya majengo na ndege wa porini. Rada nne zilizonunuliwa kutoka kampuni ya Thales kwa ajili ya Dar es Salaam, Kilimanjaro, Mwanza na Songwe ni hatua kubwa, hasa baada ya aibu ya ile ya BAE Systems ya pauni milioni 28. Hata hivyo, Desemba 2023 droni zilipita juu ya kambi ya Langley, Virginia, Marekani, kwa siku 17, na jeshi lenye fedha kuliko yote duniani halikuweza kuzizuia.

Macho ya wananchi, kwa hiyo, ni sehemu ya ulinzi. Desemba 30, 2024, pete ya chuma ya kilo 500 hivi ilianguka Mukuku, Makueni. Wanakijiji wakatoa taarifa, Shirika la Anga za Juu la Kenya likafika na kueleza hadharani kwamba, kwa uchunguzi wa awali, ni kipande cha roketi. Uvumi haukupata nafasi ya kukomaa.

Jarida hili linapendekeza Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania (TCAA) na JWTZ wawe na daftari la pamoja la matukio ya angani, lenye muhtasari unaochapishwa kila mwaka na kinga kwa anayetoa taarifa. Watakaosema ni siri za jeshi wajibiwe kwamba siri ni uwezo wa rada, si idadi ya matukio. Marekani ilitaja 144 bila kueleza mitambo yake inaona umbali gani. Wakazi wa Mbagala waliopatwa na milipuko ya Aprili 2009, na wa Gongo la Mboto Februari 2011, wamekwisha onyesha gharama ya kuishi jirani na kambi bila kuambiwa kitu.

Ndani kuna pia makala juu ya roketi zilizorushwa pwani ya Malindi, ikiwemo iliyobeba setilaiti ya Uhuru mwaka 1970, na nyingine juu ya droni za Umoja wa Mataifa zilizoanza kuruka Goma Desemba 2013, askari wa Tanzania wakiwa humohumo. Ukurasa wa mwisho una fomu ya mfano: tarehe, saa, mahali, upande kitu kilikotokea na kilikoelekea, sauti, muda kilioonekana, na nani mwingine alikiona.